Matunda Tisa kwenye Ngao ya Kikosi

Mimi shule niliiachia darasa la nne, kule Liuli. Siyo kwa ujinga. Baba alikuwa na nyavu nyingi kuliko mikono ya kuzivuta. Kwa hiyo mkikuta herufi imeruka humu, irudisheni wenyewe mahali pake. Kichekesho ni kwamba mtu huyuhuyu ndiye aliyeandika kwa brashi karibu kila bango mlilokuwa mkilisoma kutoka Mbinga mjini hadi ziwani: zahanati, maghala, baa, shule, na lile la "Usikojoe Hapa" ambalo halikumzuia mtu. Herufi nilizijua kwa umbo kwanza. A ni ngazi, M ni milima miwili ya Umatengo, S ni njia ya kushuka ziwani. Maana zilikuja baadaye, na nyingine ningeona heri zisingekuja.

Sasa nimeacha kazi. Mkono unatetemeka, na mkono unaotetemeka ukiandika "Maziwa" watu wanasoma kitu kingine. Ninyi vijana mnaotengeneza mabango kwa mashine mliniuliza siku ile, mnakata zile karatasi za kunata: "Babu, ni kweli ile ngao ya geti la kikosi ulichora wewe?" Nikasema kweli, kisha nikaomba maji ya kunywa. Sikuwa na kiu. Jibu lenyewe ni hili.

Kambi ilikuwa pale barabara inapoanza kuinamia ziwa. Asubuhi ukungu ukiondoka unayaona maji yote chini, na ukigeuka unaona kahawa na mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya Wamatengo, yamepanda mlima kama kitambaa cha miraba. Mimi niliajiriwa kama raia, fundi rangi msaidizi, nikiwa mtu mzima tayari mwenye mke. Fundi mkuu alikuwa Mzee Kapinga, Mmatengo wa Mapera, mfupi, mwenye vidole kama vya mwanamke anayesuka. Kazi aliifunzwa na mapadri, akiwapakia rangi watakatifu wa kanisani. Alisema alianza na mbawa za malaika, kwa sababu malaika ukimkosea hapeleki malalamiko kwa mtu.

Siku ya kwanza nilimkuta ameketi juu ya debe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye Mnyasa walioniletea?"

"Ndiyo, baba."

"Unajua kuogelea?"

"Najua."

"Huku hatuogelei. Shika msasa."

Nikashika msasa siku tatu. Ilikuwa mbao ya mninga, pana kama mlango, imeunganishwa vipande vitatu. Kila nilipodhani imelainika, mzee alipitisha kitambaa cha hariri alichopewa na masista. Kikikwama hata uzi mmoja, narudia. Brashi za duka alizitumia kwa kazi kubwa tu. Za mistari myembamba alitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa kindi, akiyafunga ndani ya bua la unyoya wa bata. Alinifundisha. Brashi yangu ya kwanza ilimwaga manyoya yote ndani ya rangi ya bluu, akaniambia nimechora ziwa lenye ndevu.

Ile mbao ndiyo ilikuwa ngao ya kikosi. Mchoro ulitoka juu, umeidhinishwa, una mihuri. Nitawaeleza alama zake, maana sasa hakuna anayezijua, na kijana aliyelinda geti lile mwaka juzi aliniambia samaki yule ni wa kitoweo.

Umbo lilikuwa ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe, kama walizobeba Wangoni. Katikati mkuki umesimama, ncha juu: kikosi kiko macho. Upande wa kulia samaki, mbasa, kwa sababu mbasa hupanda mto kinyume cha maji. Wengine wote hufuata mkondo, yeye hapana. Askari ndivyo anavyotakiwa. Upande wa kushoto jembe. Juu miraba ya ngolo, chini mawimbi matatu ya ziwa. Kati ya mkuki na mawimbi limelala tawi la kahawa, na chini kabisa utepe wenye jina la kikosi.

Hapo nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili nitayasema. La kwanza ni la ngolo. Mimi mtu wa ziwani, ngolo nilikuwa naziona kwa mbali tu, nikachora mashimo ya duara kama vyungu. Mama Kapinga alikuja na ugali wa mumewe, akasimama mbele ya mbao.

"Haya mashimo kachimba nani?"

"Mimi, mama."

"Inaonekana. Yamechimbwa na mwanamume."

Mzee alicheka mpaka akashika debe. Kwao mwanamume analaza nyasi kwa mistari ya miraba, kazi yake inaishia hapo; mwanamke ndiye anayefukia nyasi kwa udongo na kuacha shimo katikati. Shimo la ngolo lina pembe nne. La duara halishiki mvua, linabomoka. Nilifuta, nikarudia.

La pili ni la samaki. Karatasi ilisema samaki awe kulia, nikamweka kulia. Mzee akaja, akanishika mabega, akanizungusha nyuma ya mbao nikawa nimeishika kama ngao kweli.

"Kulia kwako ni wapi sasa?"

Nikaonyesha. Ni upande mwingine.

"Ndiyo hivyo. Ngao haifuati kulia kwa anayeitazama. Inafuata kulia kwa aliye nyuma yake. Anayekufa ni huyo wa nyuma, siyo mtazamaji."

Naomba mlishike neno hilo. Mimi nililishika kwa mkono, sikulishika kwa kichwa.

Sasa hapa nilitaka kuwaeleza habari za rangi ya kijani ya miaka ile, iliyokuja ikiwa imeganda koponi mpaka unaikata kwa kisu, lakini naona nakwepa. Nitasema.

Mdogo wangu Stefano alikuwa askari katika kikosi hichohicho. Kijana mrefu, mcheshi, hodari wa mbizi. Msimu mmoja boti yao ilikuwa inarudi kutoka doria upande wa Ngumbo, mwera ukaamka. Wa bara hamuujui mwera. Ni upepo unaotoka kusini, anga jeupe, jua linawaka vizuri kabisa, na ziwa linasimama kama ukuta. Boti ilipinduka mchana, watu wa pwani wanaona. Walizama tisa. Saba tuliwapata, tukawazika. Wawili hawakupatikana: kijana mmoja wa Songea, na Stefano wetu.

Mama yangu hakulia kama wanavyolia wengine. Alisema Stefano alijua maji, na mwera unasukuma watu ng'ambo. Ni kweli, wako wavuvi waliosukumwa hivyo, wakazikiwa migomba badala ya miili, na baada ya miezi wakarudi wamenenepa. Kwa hiyo mama hakukaa matanga. Kitanda cha Stefano kilitandikwa.

Baada ya mazishi Mzee Kapinga alishusha ngao getini, akasema rangi imepauka. Haikupauka. Tawi la kahawa kwenye mchoro halikuwa na idadi ya matunda, lilikuwa tawi tu. Yeye akaliweka matunda tisa mekundu. Saba aliyakusanya kwenye shina. Mawili akayaweka peke yake nchani, yananing'inia juu ya mawimbi. Kisha alinikabidhi kopo la nyekundu, akasema, "La mwisho weka wewe." Nikaweka.

Mkuu wa kikosi wa wakati ule, Meja, alikuja akatazama. Akahesabu kwa macho, tuliona midomo yake inacheza.

"Fundi, mchoro wa serikali haubadilishwi."

"Sijabadilisha, afande. Kahawa ina matunda."

"Mimi naona kahawa," akasema, akaondoka.

Ndiyo ikawa hivyo. Haikuandikwa popote. Nani angeandika? Aliyekuwa anajua alijua, na asiyejua aliambiwa na mama zetu. Kila Jumamosi akina mama wa pwani walipandisha usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kuuza sokoni, na geti lilikuwa njiani. Waliofiwa wakaanza kutua vikapu pale, wakanyoosha kidole na kutaja majina moja moja, tunda kwa tunda. Askari wa zamu waliwaacha. Mama yangu hakutaja majina ya wafu. Alihesabu mpaka tisa, akalitazama la nchani kabisa, akasema, "Bado," kisha mimi nikatoka karakana nikamtwika kapu lake aendelee na safari. Miaka mingi. Mzee Kapinga alistaafu, akafa kwa kifua. Niliachiwa brashi zake na kile kitambaa cha hariri.

Kisha ikaja ruksa. Vijana mnasikia tu soko huria, soko huria. Kwa fundi rangi ilikuwa hivi: niliitwa kufuta jina la chama cha ushirika kwenye ghala na kuandika la mnunuzi binafsi, baada ya msimu mmoja nikaitwa kumfuta huyo na kuandika mwingine. Kuta zilinenepa kwa rangi. Mitumba ikajaa, redio zikajaa, na neno jipya likaja likakaa kambini kama mgeni asiyeaga: kupunguzwa. Kila asubuhi sisi raia tulitazamana nani atapunguzwa. Mtu akiitwa ofisini, wenzake walimwangalia kama anayepelekwa kupimwa jeneza.

Katika hali hiyo akaja Kapteni mmoja kijana, nadhifu, si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuhuisha nembo, yaani ichorwe upya na kampuni ya mjini iliyoshinda zabuni, itoke moja kwenye barua, kwenye fulana, kwenye geti. Aliniita na daftari lake.

"Fundi Danieli, wewe ndiye mkongwe. Nipe maana ya kila alama."

Nikatoa. Mkuki, mbasa, jembe, ngolo, mawimbi. Akaandika yote. Nilijisikia mtu.

"Na kahawa?"

"Zao la wilaya, afande."

"Matunda naona ni tisa. Idadi ina maana?"

Hapo ndipo. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia mtu anapasua kuni. Nikafikiri: nikisema, ataniuliza nani aliidhinisha. Nitasema Meja, Meja kahama. Nitasema Kapinga, Kapinga kafa. Atabaki mtu mmoja aliyechezea nembo ya serikali, ambaye hata la mwisho aliliweka kwa mkono wake, naye ni raia, na orodha ya kupunguzwa iko kwenye meza hiyohiyo. Nikasema:

"Haina maana, afande. Ni urembo."

Akaandika, "Urembo." Niliona kalamu inavyolivuta lile neno. Kwa kusoma kwangu kote kwa shida, hilo nililisoma hata likiwa limegeuka juu chini.

Karatasi mpya ilirudi baada ya miezi, inang'aa. Kule mjini waliona utepe wa jina ni mdogo, wakaupanua. Ulipopanda ukagusana na ncha ya tawi, wakaikata ncha. Yakabaki matunda saba kwenye shina. Na samaki wamemgeuza, anautazama ukingo wa ngao, mgongo kwa mkuki.

Sasa sikieni ushujaa wangu. Nilikwenda ofisini mwenyewe, bila kuitwa.

"Afande, samaki amekosewa. Ameupa mkuki mgongo, anakimbia vita. Hii ni aibu."

Kapteni akatazama, akapiga meza. "Umeniokoa, fundi! Hii ingefika juu!" Akampigia simu mtu wa kampuni, akamsema vibaya mbele yangu. Samaki akageuzwa. Nikapewa mkono na soda.

Nilimtetea samaki. Kuhusu ncha ya tawi nilinyamaza, nikanywa soda yangu.

Ngao ya geti niliirudia mimi. Tena niwape jambo la kazi, mtanishukuru: nyekundu ya mafuta haifunikwi kwa kijani. Unapaka leo, kesho imepenya, inatokea kama doa la damu kwenye shuka. Nilipaka mara ya kwanza, yakatokea. Mara ya pili, yakatokea, mekundu hafifu, mawili, palepale juu ya maji. Fundi mwenye akili angeelewa. Mimi nilikumbuka alivyonifundisha Mzee Kapinga: tanguliza rangi ya fedha, iache ikauke siku mbili, ndipo upake kijani. Nikafanya. Hayakurudi tena. Utaalamu wa mwalimu wangu niliutumia kufuta kazi ya mwalimu wangu, na ilitoka safi sana, hata yeye angepitisha kitambaa kisingekwama.

Naruka mbele kidogo ili hili nilimalize: miezi mitatu baadaye nilipunguzwa. Kapteni mwenyewe alinipa barua, akaniambia nilikuwa fundi mzuri, kampuni ya mjini itakuwa inaleta mabango tayari. Wengine waliopunguzwa walitukana getini. Mimi sikuwa na mdomo wa kutukana. Nilikusanya brashi nikaenda zangu Mbinga kuandika majina ya wanunuzi wa kahawa, miaka hiyo yote mpaka mkono ulipokataa.

Sasa narudi kwenye Jumamosi.

Ngao ilikuwa imepandishwa siku moja kabla. Nilikuwa karakana, nikisafisha brashi kwa tapentaini, najua ni Jumamosi, najua saa. Nilijiambia mama macho yake si mazuri tena. Nikasikia naitwa.

"Danieli! Danieli, njoo, mwanangu! Njoo haraka!"

Vijana, nilitegemea kilio. Ile ilikuwa sauti ya furaha. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu mwera.

Nilimkuta ametua kapu, ngata bado iko kichwani, mikono juu ya kifua. Askari wa zamu, mgeni, alikuwa anamwambia, "Bibi, hapa ni geti, sogea pembeni."

"Nyamaza wewe, mwanangu amerudi!" Akanigeukia. "Kwa nini hukuleta habari nyumbani? Nimehesabu mara tatu. Wako saba. Wawili wa nchani wametolewa. Wamepatikana?"

"Mama..."

"Walikuwa ng'ambo, siyo? Nilisema! Watu wakaniona kichaa. Yuko hospitali? Amekonda? Niambie tu, mimi nitakwenda kwa miguu."

"Mama, Stefano hajarudi."

Alinitazama. Kisha akaitazama ngao tena, akanyoosha kidole, akahesabu polepole kama mtu anayefundisha mtoto. Akafika saba. Kidole kikabaki hewani, juu ya kijani.

"Sasa nani amemtoa?"

Ningeweza kusema Kapteni. Ningeweza kusema mjini, kampuni, karatasi, ruksa. Yote yangekuwa kweli kiasi. Lakini mikono yangu ilinuka tapentaini, na mama anaijua harufu yangu.

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Waliniuliza ana maana gani. Nikasema ni urembo."

Askari yule alikuwa ametazama pembeni, amekuwa mdogo ghafla na bunduki yake.

"Yule Mmatengo," mama akasema, "mtu wa mlimani asiyejua hata kuogelea, alimkumbuka."

Halafu akainama kwenye kapu. Mimi nikainama upande wa pili nimtwike, kama kila Jumamosi. Akaweka kiganja juu ya mkono wangu, akausogeza taratibu, kama unavyosogeza kuku kwenye unga.

"Acha."

Lilikuwa kapu zito, usipa umejaa hadi juu, naye alikuwa mwanamke wa umri ule. Alipiga goti moja kwenye vumbi la geti, akalipandisha kwenye paja, akavuta pumzi, akalipandisha kwenye bega. Lilimyumbisha. Nilisimama nimenyoosha mikono kama sanamu la kanisani. Akajitwika mwenyewe, akaliweka sawa juu ya ngata, akaondoka.